Kuvua Gatini Asubuhi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu kila alfajiri ninayoshuka gatini namkuta mtu mpya amesimama na mshipi mkononi, chambo ndani ya mfuko wa nailoni, hajui aanzie wapi. Maswali yake huwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayompa tukiwa tunasubiri kudonolewa. Yanahusu kuvua kwa mshipi juu ya gati, au jeti kama wanavyosema wengi, katika pwani yetu kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Saa zote ni za Kiswahili, na nikisema "mwezi 4" au "mwezi 18" nakusudia tarehe za mwezi mwandamo.

## Kabla hujatoka nyumbani

Nahitaji vifaa gani ili nianze?

Vichache kuliko unavyodhani. Mshipi wa nailoni wa mita 50 hivi, ndoana za ukubwa wa aina mbili au tatu, machubwi machache, yaani vizito vya kuzamisha mshipi, kisu, kipande cha kitambaa na ndoo yenye kifuniko. Mshipi ukunje kwenye chupa tupu ya plastiki au kibao cha mbao chenye mapengo pande mbili. Fimbo ya dukani yenye gurudumu la kukunjia mshipi ni nzuri kama unayo, lakini juu ya gati mshipi wa mkono hautakunyima kitu, kwa sababu samaki wengi wako chini ya miguu yako na si mbali huko.

Unene wa mshipi una maana kubwa. Kwa changu na samaki wa kadiri yake, milimita 0.40 hadi 0.50 inatosha. Mwembamba zaidi ya hapo utakatwa na chaza walioota kwenye nguzo, na mnene zaidi utaonekana na samaki maji yakiwa meupe.

Chubwi la risasi linauzwa madukani, ila wengi hutumia plagi za pikipiki zilizokwisha kazi, au nati. Zinafaa kabisa, na zikinasa chini huumii moyo. Nakuomba jambo moja tu: usibane chubwi la risasi kwa meno. Risasi ni sumu, na watoto wakikuona wataiga.

Ndoana namba ngapi?

Hesabu ya ndoana huwachanganya wageni, maana namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo. Namba 10 na 8 ni za tasi na chuchunge, wenye midomo midogo. Namba 6 na 4 ni za changu. Kuanzia namba 1 kwenda juu kwa ukubwa ni za chewa na kolekole. Ukiona namba yenye sifuri pembeni, kama 2/0, hapo hesabu imegeuka na ukubwa wa namba ndio ukubwa wa ndoana.

Kama utanunua aina moja tu, nunua namba 6. Changu mkubwa ataimeza, na tasi mwenye njaa hataiogopa.

Je, naruhusiwa kuvua gatini? Nahitaji leseni?

Yako maswali mawili hapa. La kwanza ni gati ni la nani. Gati la bandari lina mamlaka yake: Mamlaka ya Bandari upande wa Kenya, TPA, yaani mamlaka ya bandari ya Tanzania, upande wa bara, Shirika la Bandari kule Zanzibar. Mahali penye geti na mlinzi, uliza kwanza. Magati mengi madogo ya wavuvi na ya abiria watu huvua bila matata alimradi wasizuie vyombo, lakini mazoea si ruhusa, na mlinzi akisema leo hapana, ondoka kwa heshima.

La pili ni leseni ya uvuvi. Kenya ina Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na Tanzania bara ina Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003. Anayevua kwa kuuza, na mgeni anayevua kwa kujiburudisha, asidhani kwamba hayamhusu. Ofisi ya uvuvi ya kaunti au ya wilaya ndiyo itakayokujibu kwa uhakika. Kwa haraka zaidi, muone mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, au kamati ya wavuvi ya shehia ukiwa visiwani. Watu hawa wanajua kila kitu kinachoendelea ufukweni kwao.

Na kuna mahali ambapo hakuna mjadala. Ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, huvui hata kwa ndoana moja. Kwenye Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, kuna kanda zinazoruhusu uvuvi kwa masharti na kanda zisizoruhusu kabisa. Uliza uko kanda ipi.

## Maji, upepo na saa

Nifike saa ngapi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, na kila mtu hutegemea kuambiwa "saa kumi na mbili" halafu mambo yaishe. Saa ya ukutani haina habari na samaki. Saa ya kuvua ni saa ya maji, na maji hayatoki saa ileile kila siku.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Kwa hiyo kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Leo yakijaa saa 12 asubuhi, kesho tarajia kama saa 1 kasoro dakika 10. Toka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache.

Sasa jambo ambalo wazee wa pwani wanalijua bila kuandika popote: katika pwani hii mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa saa 10 au 11 alfajiri, na hupwa saa 4 au 5 asubuhi. Ndiyo maana akina mama wanaokwenda kutafuta pweza miambani utawaona katikati ya asubuhi siku hizo za bamvua, yaani maji makubwa. Wewe wa gatini ukifika saa 12 siku hizo, unakuta maji yameshaanza kukimbia, na kufikia saa 3 chini ya gati fupi unaweza kuona mchanga.

Ziache zipite siku tatu nne. Mwezi 3 hadi 5, na tena mwezi 17 hadi 19, maji hujaa kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi kwa makadirio. Hizo ndizo asubuhi zangu. Unafika baada ya swala ya alfajiri, bado kuna giza, maji yanapanda nguzo taratibu, na mapambazuko yanakuja pamoja na maji. Saa moja na nusu kabla maji hayajajaa mpaka nusu saa baada ya kuanza kutoka, usiinue macho kwenye mshipi wako.

Nitajuaje hali ya maji bila jedwali la bandari?

Tazama mwezi, kisha tazama nguzo. Mwezi utakuambia tarehe, na tarehe itakuambia maji kwa hesabu ya swali lililotangulia. Nguzo itakuambia maji yanaelekea wapi: sehemu iliyolowa juu ya usawa wa maji ina maana yanatoka, na sehemu kavu inayofikiwa na mawimbi madogo ina maana yanajaa. Chagua chaza mmoja kwenye nguzo, mhesabie dakika tano. Akizama, maji yanajaa.

Majedwali ya maji huchapishwa kila mwaka na simu nyingi sasa zina programu za kuonyesha. Ni vizuri kuwa nayo. Ila kumbuka kwamba saa zilizoandikwa ni za bandari fulani, na ndani ya hori au katikati ya mikoko maji huchelewa.

Bamvua au maji mafu, ipi bora?

Bamvua ina maji mengi na mkondo mkali. Tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita 3, na Unguja huweza kufika mita 4. Mkondo huo unaleta chakula, na samaki wakubwa huja nyuma ya chakula, lakini chubwi lako halikai chini: linaburutwa, mishipi ya watu inasukana, na muda wa kuvua unakuwa mfupi. Maji mafu yakiingia, wiki moja baadaye, mkondo ni mpole, maji meupe, samaki wanachagua chambo kama wapishi wanaochagua mchele.

Katikati ya hayo mawili ndipo penye heri. Kama ni lazima uvue siku ya bamvua, ongeza chubwi na uvue saa maji yanaposimama. Kama ni maji mafu, punguza chubwi, tumia mshipi mwembamba, na uwe na subira zaidi.

Msimu upi ni mzuri: kaskazi au kusi?

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, bahari ina utulivu na gati linakalika. Kusi ikiingia Aprili au Mei, upepo unasukuma mawimbi juu ya gati lililo wazi, na mwezi wa Juni na Julai ziko asubuhi ambazo sishuki kabisa. Gati lililojificha nyuma ya kisiwa au ndani ya mlango wa bandari huvulika mwaka mzima. Kipindi cha matlai, Oktoba na Novemba, upepo unapolegea, ndicho ninachokipenda kuliko vyote.

Mvua imenyesha na maji yamekuwa mekundu. Nirudi nyumbani?

Inategemea. Mto Sabaki ukijaa, maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Rufiji nao hufanya hivyo upande wake. Changu na tasi hawapendi maji hayo. Lakini kambare wa baharini, ambao wengine huwaita hongwe au fumi, hufurahia tope, na chambo chenye harufu kali kitawaleta. Jihadhari na miiba yao. Nimeeleza kwenye swali la kuchomwa.

## Chambo na mshipi

Nitumie chambo gani?

Kamba mbichi ndiye chambo anayekubalika na karibu kila samaki, na ngisi ndiye anayedumu kwenye ndoana. Nikiwa na pesa ya kimoja tu, nanunua ngisi. Namkata vipande vyembamba virefu kama ukucha wa kidole gumba, namchoma mara mbili ili ashike. Changu humpenda, chewa humpenda, na kikande, ambaye kazi yake ni kutafuna chambo cha wenzake, hummaliza polepole zaidi kuliko kamba.

Tasi ni mla mwani. Ukimpa ngisi anaweza kukupita tu. Mpe donge la unga wa ngano lililokandwa na mafuta kidogo, au mwani wa kijani uliobandua kwenye nguzo za gati lenyewe. Chuchunge naye hupenda donge la unga, dogo kabisa, karibu na uso wa maji bila chubwi. Kolekole na mzia wanataka kitu kinachong'aa: dagaa mzima, au ubavu wa kibua.

Vibua wakipita kundi zima, chambo hakihitajiki. Ndoana tano ndogo kwenye mshipi mmoja, kila moja imefungwa uzi mweupe au unyoya wa kuku, ukizipandisha na kuzishusha, wanajitundika wenyewe.

Chambo kiwekwe kivulini. Ngisi aliyelala juani tangu saa 12 mpaka saa 3 hana faida kwa samaki wala kwa pua za jirani zako.

Nitupe mshipi upande gani?

Wageni hutupa mbali kwa nguvu zote. Gati lenyewe ndilo mwamba wako. Nguzo zimeota chaza, mwani na vikaa vidogo. Samaki wadogo wamejificha kwenye kivuli, na wakubwa wanawazunguka. Shusha mshipi mita moja au mbili kutoka kwenye nguzo, upande ambao mkondo unaingia. Chubwi likigusa chini, inua kiasi cha urefu wa mkono mmoja ili chambo kisilale mchangani.

Kama gati lina taa zilizowaka usiku, anzia pale alfajiri. Dagaa hukusanyika kwenye mwanga, na waliokuja kuwala bado wako gizani ukingoni. Ngisi wenyewe huvuliwa hapo kabla hakujakucha. Jua likichomoza, hamia upande wa kivuli.

Nadonolewa kila mara lakini nikivuta hakuna kitu. Kwa nini?

Mara nyingi ndoana ni kubwa kuliko mdomo, au kipande cha chambo ni kirefu na kinaning'inia. Punguza vyote viwili. Sababu nyingine ni pupa. Changu huonja kwanza: tk, tk. Usivute. Shikilia mshipi kwa ncha ya kidole cha shahada na uache ulegee kidogo. Atakapogeuka kuondoka nacho utasikia uzito, na hapo vuta mara moja kwa kifundo cha mkono, si kwa mwili mzima. Tasi ni kinyume chake, anatafuna na kutema haraka, kwa hiyo kwake mkono uwe mwepesi.

Kama donodono haiishi na ndoana inarudi safi, hao ni vikande au visamaki vya nguzoni. Sogea hatua kumi.

Mshipi umenasa chini. Nifanye nini?

Usiuvute ukiwa wima palepale. Legeza kabisa kwa dakika moja, mkondo mara nyingine huutoa wenyewe. Kisha tembea uende upande wa pili na uvute kutoka huko. Ukikataa, zungushia mshipi kwenye kipande cha mti au kwenye chupa, vuta moja kwa moja mpaka ukatike, na kilichorudi ukikunje kwenye ndoo.

Usizungushe mshipi mkononi, iwe umenasa au umeshika samaki. Nina kovu kwenye kiganja cha kushoto, nililipata nikiwa na miaka kumi na minne, kolekole alipoondoka na mshipi niliouzungusha mara mbili ili usiteleze. Nailoni inakata nyama kama uzi unavyokata sabuni.

Samaki mkubwa ameshika na gati liko juu. Nitampandishaje?

Wakati wa maji kupwa gati huweza kuwa mita nne au tano juu ya maji, na uzito wa samaki anayening'inia hewani hupasua mdomo wake au hukata mshipi. Mchoshe kwanza majini mpaka alale ubavu. Halafu mwongoze hadi kwenye ngazi za gati, mtu mmoja ashuke kumpokea. Pasipo na ngazi, shusha kikapu au wavu wa duara uliofungwa kamba pembe tatu, mwingize ndani, inua kikapu badala ya mshipi. Magati mengi huwa na kikapu cha namna hiyo cha mzee fulani, omba, utasaidiwa.

Ngazi za chini zina mwani unaoteleza vibaya mno. Shuka kinyumenyume, mkono mmoja umeshika.

## Samaki wenyewe

Nitegemee kupata samaki gani?

Changu na tasi ndio mkate wa kila siku. Tasi, ambaye Unguja wanamwita chafi, ni mtamu sana akikaangwa. Chuchunge na vibua huja kwa makundi. Chewa hukaa shimoni chini ya nguzo na huhitaji kuvutwa upesi kabla hajarudi ndani. Kolekole na mzia ni bahati ya alfajiri na huja maji yanapojaa kwa nguvu. Kwa mzia weka waya mfupi kabla ya ndoana, maana meno yake hayana mchezo na nailoni. Mkunga, yule mrefu kama nyoka, akipanda kata mshipi karibu na mdomo umwachie. Huuma vibaya na atakufungia mafundo yasiyofunguka.

Samaki yule anayejijaza upepo, analiwa?

Hapana. Huyo ni bunju. Ana sumu kwenye maini, mayai na ngozi, na mara nyingine hata kwenye nyama. Moto hauiondoi, kuosha hakuiondoi, ndimu haiondoi, na hakuna dawa ya kuipinga hospitalini isipokuwa kumsaidia mgonjwa apumue mpaka mwili uishinde. Watu wamekufa kwa kumla katika pwani hii.

Usimtupe juu ya gati pia. Paka watamla, na mtoto asiyemjua atambeba nyumbani. Mtoe ndoana, mrudishe majini. Akila mtu na kuanza kuhisi ganzi mdomoni na kwenye vidole, mkimbizeni hospitali hapohapo bila kusubiri dalili nyingine.

Nimechomwa na mwiba. Nifanye nini?

Wenye miiba yenye sumu unaoweza kuwapandisha gatini ni tasi, kambare wa baharini, taa na nyenga. Tasi ana miiba 13 mgongoni, 7 chini ya mkia, na mingine kwenye mapezi ya tumboni, ndiyo maana kila mgeni huchomwa naye mara ya kwanza. Mshike kwa kitambaa, kutoka kichwani kwenda mkiani, ukilaza miiba.

Ukichomwa, tia sehemu hiyo kwenye maji ya moto, moto ambao mwili wako unaweza kuuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Sumu hizi huvunjika kwa joto, na maumivu hushuka kwa kiasi kikubwa. Chupa yangu ya chai huwa nzima mpaka narudi kwa sababu hiyo. Muuza kahawa wa gatini naye amewaokoa wengi. Jaribu joto kwa mkono mwingine usioumia, maana ulioumia unaweza usihisi kuungua. Mwiba wa taa ukiingia kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe. Nenda hospitali nao. Na jeraha lolote la mwiba liangaliwe kama umechanjwa pepopunda.

Ndoana imeingia kidoleni mwangu. Niivute?

Ikiwa ncha yenye kijino haijazama, itoe ilivyoingia. Ikizama, usiirudishe kwa nguvu. Kata mshipi, funika kwa kitambaa safi, nenda zahanati. Iliyoingia karibu na jicho haiguswi kabisa na mtu wa gatini.

Samaki mdogo nimrudishe?

Ndiyo. Najua maneno ya kwamba usipomchukua wewe atamchukua mwingine, na najua nyumba ambazo samaki watatu wadogo ndio kitoweo cha usiku, hao siwasemi. Nakusemea wewe uliyekuja kujiburudisha. Changu wa urefu wa kiganja hajawahi kutaga. Lowesha mkono kwanza, maana mkono mkavu humbandua ute unaomkinga, toa ndoana taratibu na umteremshe karibu na maji badala ya kumrusha kutoka juu. Akiwa ameimeza ndoana, kata mshipi mdomoni na umwachie nayo. Huweza kuishi, ilhali kumchokora kooni humuua.

Kasa ameshika mshipi wangu. Nifanyeje?

Kasa analindwa na sheria Kenya, Tanzania bara na Zanzibar, na haijalishi kwamba ulimnasa bila kukusudia ukiamua kumchukua. Usimnyanyue kwa mshipi. Mwongoze ngazini au ufukweni, kata nailoni yote iliyomzunguka mapezi, na kama ndoana imeingia ndani, piga simu kwa ofisi ya uvuvi au watu wa uhifadhi wa eneo lako kabla ya kumwachia. Watamu kuna kituo kinachotibu kasa, na wavuvi wa kule wamezoea kuwapeleka.

## Watu wa gatini

Nisimame wapi nisiwakere wenzangu?

Salimia kwanza. Mzee aliyekaa pembeni ya nguzo ya tatu na shikamoo yako ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. Muulize, "Babu, nikikaa hapa sitakusumbua?" Atakuonyesha mahali, na mara nyingi atakuonyesha mahali pazuri. Kati ya mshipi na mshipi acha hatua tano, siku za mkondo mkali zaidi. Mwenzio akishika samaki mkubwa, inua wako.

Chombo kikija, inua mshipi kabla nahodha hajalazimika kukupigia kelele. Gati lilijengwa kwa vyombo na abiria. Chambo kisikatwe kwenye ngazi wanazopanda watu wenye mabuibui na kanzu, na damu ya samaki imwagiwe ndoo mbili za maji kabla hujaondoka.

Mimi ni mwanamke. Nitaonekana wa ajabu?

Pengine utatazamwa siku mbili za mwanzo. Lakini wanawake wa pwani wamevua tangu zamani: wanatanda dagaa kwa nguo na nyavu ndogo, wanatafuta pweza, wanaokota chaza. Mshipi gatini si ugeni mkubwa kwa bahari. Njoo na mwenzio alfajiri za mwanzo, kaa karibu na wazee, na wiki ya pili wataanza kukuuliza wewe maji yanajaa lini.

Naweza kuja na mtoto?

Njoo naye, ila ajue kuogelea, avae boya la kifuani kama lipo, na asikae ukingoni usiku. Mpe ufito wenye mshipi mfupi na donge la unga; chuchunge watamfurahisha kuliko chewa mmoja wa bahati.

## Baada ya kuvua

Nimweke vipi samaki asiharibike?

Mtoe matumbo na matamvua mapema, msafishe kwa maji ya bahari safi, umweke kwenye barafu au angalau chini ya gunia lililolowa, kivulini. Mtungo wa samaki unaoning'inia juani mpaka saa 5 ni mzuri kwa macho tu.

Vibua wana hatari yao. Wakikaa kwenye joto, mwilini mwao hutengenezwa kitu kinachomfanya mlaji awashwe, awe mwekundu usoni na kichwa kimgonge, na kupika hakukiondoi. Barafu yako ya kwanza iwe yao.

Samaki aliyekufa kabla sijamtoa majini ni halali?

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani, samaki wa baharini hahitaji kuchinjwa na ni halali hata akifa majini. Ila aliyeoza au mwenye sumu haliwi kwa sababu ya madhara. Rudi kwenye swali la bunju.

Nimekaa asubuhi nzima bila kupata hata mmoja. Nilikosea wapi?

Pengine hukukosea. Angalia kwanza tarehe ya mwezi na saa uliyofika ulinganishe na swali la kwanza la maji. Sababu nyingi ziko pale. Kisha muulize aliyepata alivua kina gani, maana mara nyingi tofauti ni mita mbili tu juu au chini. Siku zangu naandika kwenye daftari: mwezi ngapi, maji, upepo, chambo, samaki. Daftari la mwaka mmoja la gati lako lina thamani kuliko ushauri wangu wote, kwa sababu kila gati lina nguzo zake na shimo lake.

Vipande vya mshipi uliokatika nivifanyeje?

Virudishe nyumbani. Nailoni haiozi kwa maisha yako wala ya wanao. Inakaa kwenye nguzo ikinasa ndege, kasa na vidole vya watoto wanaopiga mbizi gatini mchana. Vikate vifupi vifupi kabla ya kutupa kwenye jaa. Mimi huwa na chupa ya maji ya lita moja na nusu ndani ya ndoo, kila kipande ninachookota kinaingia humo, changu na cha mwingine. Iliyopo sasa imejaa mpaka shingoni, na niliianza mwezi 4 uliopita.